Nani Aliizima Alama Nyekundu

Inspekta alikuwa amewahi kukamata wezi wa nyaya, wezi wa ng'ombe na bwana mmoja aliyeiba jeneza, lakini hata siku moja hakuwahi kutumwa kumkamata mtu kwa ajili ya kidoa chekundu kwenye kompyuta. Tangu asubuhi alikuwa anaelezwa habari za kidoa hicho, na kila aliyemweleza alimwacha akijua kidogo kuliko mwanzo. Sasa alikuwa ameketi mbele ya Meneja wa bohari ya dawa, kola inamkaba, na Meneja alikuwa anaanza kumweleza upya.

Kisa chenyewe hakikuwa kirefu. Jumatano mchana swichi ya umeme wa chumba cha baridi iliruka. Chanjo za watoto zikashinda na kulala kwenye joto, na Alhamisi asubuhi shehena nzima ilikuwa ya kutupwa. Kliniki zikawarudisha kina mama nyumbani na watoto wao migongoni. Ndani ya chumba hicho kuna kipimajoto kilichounganishwa na programu ya bohari. Joto likipanda, programu inatoa mlio na kuwasha alama nyekundu kwenye menyu, juu ya skrini, na alama inabaki hapo mpaka mhusika aifungue. Rekodi zilionyesha kwamba alama iliwaka, na papo hapo ikafunguliwa kwa akaunti ya mtunza stoo. Kwa maana hiyo mtunza stoo aliona, akanyamaza.

"Sasa unatafuta nini tena?" Meneja aliuliza. "Mashine haina chuki na mtu. Mchukue."

Barua ya kumfukuza alikwishaiandika, ilikuwa hapo mezani imelaliwa na kalamu. Na mkuu wa kituo cha polisi alikwishapiga simu kusema kwamba wakubwa wanataka mtu awe ndani kabla ofisi hazijafungwa. Inspekta asipopeleka jina jingine, mtunza stoo analala mahabusu, basi. Jambo hilo lilimkera kupita maelezo, kwa sababu yeye hakupenda kuambiwa jibu kabla hajauliza swali.

Simu ya Meneja ikawaka mezani. Meneja akaipitishia kidole bila kuitazama, skrini ikawa safi, akaendelea kusema. Ikawaka tena, akaifuta tena. Inspekta alimuuliza kama ujumbe huo haukuwa wa maana.

"Ukisubiri kusoma kila kitu hutafanya kazi," Meneja alijibu. "Mimi sipendi uchafu kwenye skrini."

Hakupenda kelele pia. Spika za kompyuta yake zilikuwa zimechomolewa, waya unaning'inia pembeni ya meza. Halafu simu ya mezani ikalia. Ilikuwa kliniki moja inauliza kama glavu bado zipo. Meneja akatazama skrini yake, akasogeza kipanya kidogo, akawaambia zipo za kutosha, watume dereva. Inspekta aliyaona yote hayo na hakuyafanyia kazi yoyote, maana kichwa kilikuwa kinamuuma na alichotaka wakati huo ni kutoka mle ofisini.

Stoo ilikuwa chini, mwisho wa korido, mlango wa chuma. Mtunza stoo walimwita Mama Kufuli kwa sababu ya funguo alizofunga kiunoni. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye mkono mzito na ulimi mwepesi, na hakuwa analia. Alikuwa amekasirika. Sajini, mwanamke mtulivu aliyefanya kazi na Inspekta miaka mingi, alikuwa amekaa naye tangu asubuhi na sasa walionekana kama mtu na dada yake.

Mama Kufuli alisema yale yale aliyokwisha kumwambia Sajini. Jumatano alikuwa mezani kwake mchana wote, ukiacha dakika chache za kwenda kunawa mikono kabla ya kula. Meza yenyewe inatazama mlango wa chumba cha baridi. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yake. Hakuona alama nyekundu, hakusikia mlio. Zamani alikuwa anaingia chumbani humo asubuhi na jioni kusoma kipimajoto kwa macho yake, lakini Meneja alikataza, akasema mlango ukifunguliwa ovyo baridi inatoka bure na programu ipo. Kwa hiyo akakaa anaitazama programu.

Inspekta alimuuliza nani mwingine anaijua paswedi yake.

"Hakuna. Marehemu mume wangu mwenyewe asingeijua."

"Na nani aliingia humu ulipokwenda kunawa?"

Hapo Mama Kufuli akazichezea funguo. Kisha akasema aliingia shemeji yake, fundi wa majokofu wa bohari, mdogo wa marehemu. Alijua kwa sababu alikuta amemwachia kitu mezani. Hakutaka kusema kitu gani. Inspekta alipombana, alisema hawaongei na shemeji huyo tangu msiba, kwa ajili ya nyumba. Nyumba waliyoachiwa anaishi yeye na mama mkwe wake, ambaye haoni tena na hawezi kujilaza kitandani mwenyewe. Shemeji anasema nyumba ni ya ukoo.

"Mimi nikilala huko kwenu leo," alisema, "mama mkwe atalazwa na nani? Nijibu hilo kwanza, halafu uniulize habari za kompyuta."

 Inspekta alitoka nje amekunja uso, lakini moyoni kuna kitu kilikuwa kimechangamka. Hatimaye alikuwa na shemeji mwenye ugomvi, nyumba, na mtu aliyeingia stoo mwenyewe hayupo. Hii alikuwa anaielewa. Hii haikuhitaji menyu.

Alimkuta Fundi uani, amechuchumaa mbele ya jokofu lililofunguliwa tumbo, mikono myeusi kwa mafuta. Alikuwa mwembamba, wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kwa shida. Alikubali kwamba aliingia stoo. Alikubali kwamba hawaelewani na shemeji yake. Inspekta akamsogelea, akamwambia wazi: shemeji akifungwa, nyumba inabaki kwa nani?

Fundi aliweka bisibisi chini. "Ile nyumba naitaka, sikatai. Lakini aliyelala ndani yake ni mama yangu. Nilikwenda kuweka dawa zake pale mezani. Kila mara zikikaribia kwisha nanunua, namwachia shemeji, hatuongei."

Hicho ndicho Mama Kufuli alichokataa kukitaja, kwa kiburi chake. Inspekta aliona kesi inaanza kumponyoka mkononi. Akauliza alikuwa wapi baadaye, wakati ule alama ilipowaka.

"Juu, ofisini kwa Meneja. Nimepanda ngazi natengeneza kiyoyozi chake. Muulize, alikuwepo, alikuwa anaongea na simu huku anabofyabofya kompyuta." Akaongeza, kana kwamba anaumwa jino: "Tumegombana, ni kweli. Ila huyo mwanamke akifunga mlango, anarudi kuusukuma kuona kama umefungika. Hawezi kuiona hatari akaiacha. Mnapoteza muda."

Muda ndio hasa uliokuwa unapotea. Inspekta alisimama pale uani akajiona mjinga. Mtu wake mzuri, mwenye sababu nzuri, alikuwa juu ya ngazi mbele ya shahidi. Alibaki na kidoa chake chekundu, na hakuna njia tena ila kwenda kwa yule aliyekitengeneza.

Aliyeiandika programu alikuwa dada mmoja wanayemwita Mtaalamu, ana chumba chake ghorofani, penseli kwenye nywele na vikombe vya chai iliyopoa kila mahali. Alikuwa amekwisha kuhojiwa asubuhi kwa simu, akajibu kwamba mfumo uko safi na rekodi ziko safi. Alirudia hivyo hivyo. Alama ilitumwa, ikafika, ikasomwa, akaunti ya mtunza stoo. Alisema maneno mengine mengi ambayo Inspekta aliyaacha yapite kama gari la mtu mwingine.

"Dada yangu," Inspekta alisema, "mimi nina hasira, na nina njaa. Nieleze kama unavyomweleza mama yako. Hiyo alama inakaa wapi?"

Mtaalamu alifikiri, akacheka kidogo, akamvutia kiti. Akafungua programu kwenye skrini, kisha akaifungua mara ya pili pembeni yake, madirisha mawili yamesimama bega kwa bega, akaunti moja ya majaribio. Akatuma tahadhari ya uongo. Kengele ndogo kwenye menyu ya kila dirisha ikapata alama nyekundu. Akabofya kengele ya kushoto, menyu ikashuka. Alama ya kushoto ikapotea. Ya kulia nayo ikapotea, na hakuna aliyeigusa.

"Uchawi," Inspekta alisema.

"JavaScript. Lugha ya kuandikia programu."

Alieleza kwamba zamani kila dirisha lilikuwa na kumbukumbu yake. Ukizima alama huku, kule bado inawaka, unazunguka kuzima moja moja. Ilikuwa kero. Kwa hiyo akaiondoa alama kwenye madirisha, akaiweka mahali pamoja, na kila dirisha linaangalia hapo. Dirisha moja likifungua menyu linawatangazia wenzake kwamba imesomwa, na wote wanafuta. Madirisha ya kompyuta moja yanapashana habari yenyewe. Ya kompyuta tofauti, habari inapitia kwenye sava, ile kompyuta kuu, lakini ni kufumba na kufumbua. Inspekta alisema hiyo ni kama taa ya korido yenye swichi mbili, mmoja anazima mwisho huu na wa mwisho ule anabaki gizani. Mtaalamu alikubali, ingawa mfano haukumpendeza.

"Na mlio?"

Mlio ulikuwa na kanuni yake. Madirisha yote yakilia pamoja ni fujo, kwa hiyo linalia moja tu, lile lililoguswa mwisho. Akilini Inspekta aliona ule waya wa spika za Meneja unaoning'inia, akauona vizuri kabisa, lakini hakusema. Akauliza kwanza nani alilalamika kuhusu alama za zamani. Bohari nzima?

"Mmoja. Lakini ndiye bosi. Alipanda mpaka huku, mwenyewe, akasema nimwondolee hivyo vidoa, ana madirisha mengi na anachoka kuvifuta."

"Sasa nisikilize vizuri. Kufungua menyu na kusoma kilichoandikwa ndani, kwako ni kitu kimoja?"

Mtaalamu akafungua mdomo kujibu haraka kama kawaida yake, akaufunga. Akaitoa penseli kwenye nywele, akaishika tu. Baadaye akasema kwamba kwenye programu yake, ndiyo, ni kitu kimoja. Ukifungua, imehesabiwa umesoma. Na rekodi? Rekodi inaandika akaunti, haiandiki dirisha wala kompyuta. Alisema hayo kwa sauti ndogo, na Inspekta alimpenda kidogo kwa kutojitetea, japo alikuwa na hamu ya kumfokea. Tangu asubuhi watu walikuwa wanamwimbia wimbo wa rekodi safi, kumbe rekodi yenyewe ilikuwa inajua jina na haijui mkono.

Alimwomba aangalie, sasa hivi, akaunti ya mtunza stoo imefunguliwa kwenye madirisha mangapi.

"Mawili," Mtaalamu alisema. Akasogea karibu na skrini. "Mbona mawili? Stoo kuna kompyuta moja, na analo dirisha moja siku zote. Jingine naliona limeunganishwa, lakini siwezi kukuambia liko kwenye mashine gani."

Inspekta alimpigia Sajini, akataka kuongea na Mama Kufuli. Hakumuuliza tena nani anajua paswedi yake. Alimuuliza kama yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, aliwahi kuiandika kwenye kompyuta nyingine yoyote. Kwenye simu zikasikika funguo zinagongana.

"Ya Meneja," alisema. "Aliporudi likizo alitaka kuangalia mzigo, na akaunti yake haiuonyeshi. Nilimfungulia. Mara moja tu, na hakuniona naandika nini. Si angekuwa ameshaifunga?"

Wapi. Dirisha likishafunguliwa halina haja ya paswedi tena mpaka mtu alifunge, na yule bwana hakuwa mtu wa kufunga kitu kinachomfaa. Glavu alizisoma wapi kwenye skrini yake kliniki ilipopiga simu? Mtaalamu aliapa kwamba ukurasa wa mzigo hauonekani kwa akaunti nyingine yoyote isipokuwa ya mtunza stoo. Inspekta alihesabu moyoni dakika zote alizokaa mbele ya meza ile jibu likiwa mbele ya pua yake, akajichukia.

Lakini kujua ni jambo moja, na mkuu wa kituo ni jambo jingine. Meneja angekataa, angesema hakumbuki, na kwa kweli asingekuwa anadanganya, kwa sababu mtu hakumbuki mara ngapi amejikuna. Ilibidi ajikune mbele ya mashahidi.

Inspekta alishuka uani, akamwambia Fundi anachotaka.  Fundi alijifuta mikono, akamfuata mpaka stoo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba yeye na shemeji yake wakasimama chumba kimoja. Akakichomoa kipimajoto kwenye kishikio chake ndani ya chumba cha baridi, akakitoa nje kwenye joto na waya wake. Mama Kufuli, bila kumtazama, akamsogezea kikombe cha chai yake ya moto akitumbukize humo. Sajini alikaa kwenye kiti mbele ya kompyuta, simu sikioni. Mtaalamu akasimama nyuma yao kuangalia. Inspekta akapanda ngazi peke yake, simu mfukoni ikiwa wazi kwa Sajini.

Alimwambia Meneja kwamba amekuja kumalizia maelezo yake, asaini, halafu wampeleke mtunza stoo. Meneja alifurahi. Akaagiza chai. Akaanza kusimulia kwa mara nyingine jinsi wafanyakazi wa siku hizi walivyo wazembe, kwamba unawapa mfumo wa kisasa, unawawekea kila kitu mbele ya macho, na bado hawaoni. Mkono mmoja ulikuwa juu ya kipanya. Inspekta aliandika polepole, kichwa chini, macho juu.

Kwenye pembe ya skrini, juu ya ukurasa wa mzigo, kengele ikapata kidoa chekundu.

Meneja alikuwa katikati ya sentensi kuhusu uwajibikaji. Hakuikatisha. Mkono ukasogea, ukabofya kengele, menyu ikashuka na maneno yake, ukabofya tena, menyu ikapanda. Skrini ikawa safi. Macho yake yalikuwa kwa Inspekta muda wote, kama mtu anayefukuza nzi huku anaongea.

"Umefuta nini hapo?" Inspekta aliuliza.

"Wapi?"

"Hapo, sasa hivi."

Meneja alitazama skrini kwa mshangao wa kweli. "Aa, hiyo. Alama tu. Zinajaa siku nzima."

Inspekta aliitoa simu mfukoni, akaiweka mezani juu ya ile barua, akaongeza sauti. Akamuuliza Sajini wameona nini huko chini.

"Iliwaka, Afande," Sajini alisema. "Ikazimika kabla mama hajavaa miwani. Mlio hatukusikia. Hakuna mtu aliyegusa kompyuta, mimi nimekaa mbele yake na wote tunaiangalia."

Meneja alisema ni hitilafu ya mfumo. Alisema lazima itakuwa hitilafu, na kwamba atamwita Mtaalamu. Kisha akautazama ule ukurasa wa mzigo kana kwamba mtu alikuja kuuweka pale usiku, na juu yake, mahali pa jina, kulikuwa kumeandikwa Mtunza Stoo. Palikuwa pameandikwa hivyo tangu aliporudi likizo. Akaivuta kola yake. Inspekta, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatamani mtu wa kumfokea, aligundua kwamba hamu yenyewe imekwisha na kilichobaki ni uchovu.

Sauti ya Mama Kufuli ikatoka kwenye simu, karibu, inaonekana alikuwa ameichukua mkononi.

"Nani ameizima?"

Kiyoyozi kilinguruma. Inspekta alimtazama Meneja na hakumsaidia.

"Ni mimi, mama," Meneja alisema.

Huko chini hakukuwa na kelele wala matusi. Walimsikia Mama Kufuli akimwambia mtu aliye karibu naye, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani, "Shemeji, kirudishe hicho kipimajoto mahali pake. Halafu tangulia kwa mama, mwambie leo nitachelewa kidogo, lakini narudi."

Inspekta aliichukua ile barua, akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na maelezo yasiyosainiwa. Simu ya Meneja ikawaka mezani. Mkono wake ukaanza kwenda, ukarudi, na akaiacha iwake.